Nguzo ya Nne

Ghala letu liko Gongoni, nyuma ya mabwawa ya chumvi,
na chumvi haijui mlango.
Huingia na upepo, huingia na viatu vya makuli,
hutua juu ya daftari langu
hadi kalamu ikwaruze kama inaandika mchangani.

Mimi ndiye karani wa safu sita za rafu.
Miaka mitatu nilidhani chuma ni chuma.

Jumanne akaja Thoya fundi na nyundo ndogo,
akagonga nguzo moja moja, sikio karibu,
kama mtu anayechagua dafu.
"Hii ni ya moto," akasema.
"Ilipita kwenye rola ikiwa nyekundu.
Nene, nzito, ngozi ina magamba,
haina adabu ya vipimo, lakini ina kifua.
Na hii ya rangi ya chungwa, yenye matundu kama zumari,
hii ni baridi. Lilikuwa bati tu.
Likakunjwa bila moto, kona baada ya kona,
na nguvu zake zimo kwenye zile kona."

Samaki mkunje angali mbichi, tuliambiwa.
Hakuna aliyeniambia kuna chuma
kinachokunjwa kimekwisha poa,
kikapata uimara kwa kule kukunjwa.

Safu ya tano ni kijivu, ina mabaka kama mgongo wa kasa.
"Hii ilizamishwa kwenye zinki iliyoyeyuka.
Usidhani zinki inashinda kutu.
Inaliwa kwanza. Ndiyo kazi yake."
Nilimkumbuka dada yangu Nyevu,
aliyeacha shule darasa la sita ili mimi nimalize.
Sikumwambia fundi.

Pembeni kuna rafu moja, fupi kama kabati la vyombo,
ya mitungi ya madini joto. Hiyo haishiki kutu.
Bei yake, tajiri husema, ingenunua pikipiki mbili.
Inang'aa peke yake, haimwombi mtu kitu.

Tukafika safu ya pili, nguzo ya nne,
ile aliyoigonga Kazungu na foklifti mwezi wa Ramadhani.
Rangi ilikuwa nzuri. Tajiri aliipaka mwenyewe.
Thoya akaipasua kwa ukucha:
chini yake kutu, laini, kama bizari.
Kikulacho ki nguoni mwako,
na nguo ya chuma ni rangi.

"Tia kiraka, lehemu," Bwana Shebwana akasema.
"Kesho lori mbili zinaingia."

Thoya, mtu ambaye ugali wake ni cheche,
aliyelehemu nusu ya mageti ya Malindi,
akaifunga mashine yake waya.
"Hii nguvu zake zilitoka kwenye baridi.
Nikiitia moto nitairudisha utotoni,
iwe bati tena.
Na watu wanapita chini."

Tajiri akanigeukia mimi.
"Karani, andika: imetengenezwa."

Kalamu ilikwaruza.
Niliandika: *Safu ya pili. Tupu.*
Halafu ikabidi iwe tupu kweli.

Mifuko mia tatu na arobaini, kilo hamsini hamsini.
Kazungu hakusema neno usiku kucha;
makuli walisema mengi, na yote yalinihusu.
Karibu na alfajiri mfuko wa mwisho uliposhuka
niliiona boriti ikiinuka,
unene wa kidole, polepole,
kama mama aliyetuliwa mtungi kichwani.
Hakuna mwingine aliyeiona. Au hawakusema.

Nguzo ya nne imelazwa nje sasa,
inangoja mzani wa vyuma chakavu.
Kuku wamelala matunduni mwa kivuli chake.
Thoya hajalipwa. Mimi, mshahara wangu utajulikana mwisho wa mwezi.

Jioni nilimpigia Nyevu simu.
Nikamuuliza hali.
"Nzuri," akasema, haraka, kama kila siku.
Nikamuuliza tena,
na safari hii nikanyamaza,
sikio karibu.